Kufungua, kuzima na kukata: lugha ya hitilafu za maji ya moto katika mfumo wa kanda

Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto kwa maji. Boila ya gesi huyapasha, pampu huyasukuma kwenye mabomba, na vali zenye mota huamua yaelekee wapi: kwenye rejeta za ukutani, au kwenye koili iliyomo ndani ya tangi la maji ya kuogea. Kila upande ni kanda, yenye themostati yake na saa zake za kufanya kazi. Mfumo unaoitwa S Plan hutumia vali mbili, moja kwa kila kanda. Siku maji ya bafuni yanapotoka baridi, Mswahili anayeishi huko hulazimika kueleza au kuelezwa hitilafu kwa lugha ambayo haikuzaliwa na vifaa hivyo. Mombasa na Dar es Salaam hakuna anayehitaji rejeta ukutani. Maneno yapo, lakini baadhi yake huteleza.

Mawili hayana taabu kubwa. “Rejeta” limezoeleka kwa gari, ambako kazi yake ni kuipoza injini, na msomaji anaweza kushangaa kuambiwa kwamba rejeta inapasha chumba. Hakuna mgongano: zote mbili hutoa joto la maji na kulipeleka hewani. “Kanda” nalo hukumbusha Kanda ya Ziwa, au kanda ya muziki kwa waliokua na kaseti, lakini ndani ya nyumba linaeleweka mara tu likifafanuliwa. Lisichanganywe na “mzunguko”, ambao ni njia ya maji yenyewe kutoka boila na kurudi.

Taabu huanza kwenye vitenzi. Mafundi wa Uingereza husema kwamba themostati “inaita” joto. Kwa Kiswahili anayeita hutarajia kuitikiwa na mtu. Kinachofanyika hapa ni kuagiza, na “themostati imeagiza joto” inaeleweka bila maelezo. Agizo hilo hupita hatua kwa hatua. Taima huruhusu umeme ufike kwenye themostati ya tangi. Tangi likiwa limepoa, themostati huupitisha hadi kwenye mota ya vali. Mota hufungua vali. Vali ikishafunguka, swichi ndogo iliyomo ndani yake huwasha boila na pampu. Kutafuta hitilafu ni kufuata agizo hadi pale lilipokomea. Ndiyo maana boila isiyowaka mara nyingi haina ubovu wowote: haijapata agizo.

Katika mnyororo huo vali hufunguka ili maji yapite, lakini swichi yake hufungwa ili umeme upite. Lugha ya umeme huita saketi inayopitisha umeme “iliyofungwa”. Lugha ya nyumbani husema kinyume: mtu hufungulia bomba maji yatoke, hufungulia redio isikike, na akifunga, vyote hukoma. Sentensi “vali ikifunguka, swichi hufungwa” ni sahihi kwa mhandisi, ilhali mwenye nyumba ataielewa kuwa boila imezimwa. Ni afadhali kuyaachia maji kitenzi “fungua”, na kuusemea umeme kwa “gusana” na “achana”: vali ikifunguka, ncha za swichi hugusana na boila huwaka.

“Vali imekwama” ni sentensi pungufu. Vali ya rejeta iliyokwama ikiwa wazi hupasha vyumba katikati ya kiangazi, kila maji ya kuoga yanapoagizwa. Ikikwama ikiwa imefungwa, rejeta hubaki baridi, na wakati kanda hiyo ndiyo pekee iliyoagiza joto, boila haiwaki kabisa. Swichi ya ndani nayo inaweza kukwama peke yake, ncha zikiwa zimegusana. Hapo boila huendelea kufanya kazi hata baada ya taima kuzimwa. Tafsiri lazima iseme nini kimekwama, na katika hali gani.

Hapa mnyambuliko wa Kiswahili hufanya kazi nzuri. “Haijafunguka” hueleza hali ya sasa, nayo inaweza kuwa ya kawaida, kwa kuwa mota huchukua sekunde kadhaa kuisogeza vali. “Haifunguki” hutangaza ubovu. “Haijafunguliwa” huelekeza macho kwa mtendaji: huenda vali ni nzima ila umeme haukufika kwenye mota. Kishikio kilicho ubavuni mwa vali nyingi husaidia kuchagua kauli. Kikisukumwa kwa kidole na kuleta ukinzani wa taratibu, vali imefungwa. Kikilegea tu, mota imekwisha kuifungua.

Jozi ya hatari zaidi ni “zima” na “kata”. Kuzima taima huondoa agizo, hakuondoi umeme. Katika vali za kawaida za S Plan, waya wa kijivu hubaki na umeme wa volti 230 hata taima ikionyesha kwamba kila kitu kimezimwa, ukisubiri swichi iupeleke kwenye waya wa rangi ya machungwa unaokwenda kwa boila. Maelekezo yanayosema “zima mfumo kabla ya kufungua kifuniko” yanaweza kumuua anayeyafuata kwa uaminifu. Tafsiri inayofaa ni: “Kata umeme kwenye swichi kuu ya mfumo wa joto, kisha hakikisha kwa kipimo kwamba waya hazina umeme.” Kazi ya gesi ndani ya boila si ya mwenye nyumba hata kidogo, Uingereza huikabidhi kwa mafundi walioandikishwa kwenye Gas Safe Register, daftari lililochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009.

Linabaki jina la themostati kwa Kiswahili. “Kidhibiti joto” limeenea na halina kosa linalodhuru, ila “kidhibiti halijoto” ni sahihi zaidi, kwa kuwa kifaa hupima halijoto na huagiza joto. Tofauti hiyo huonekana kwenye maelekezo ya tangi. “Ongeza joto hadi 60” huacha swali la kuongeza nini. “Weka halijoto ya tangi iwe nyuzi 60 za Selsiasi” haliachi. Namba yenyewe isipunguzwe kwa kuhofia gharama, kwani maji yanayohifadhiwa vuguvugu hustawisha bakteria wa Legionella. Wala yasiitwe “maji yaliyochemka”: boila hiyo, licha ya asili ya jina lake, haichemshi maji, bali huyapasha. Hata hivyo maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache, na kwa sababu hiyo vali ya kuchanganya maji huwekwa karibu na bomba la kuogea.