Besdei ya mama, mwiko ushikwe na mwingine

Jumapili, kwenye saa tano na nusu asubuhi, hoteli kubwa za Dar es Salaam, za katikati ya jiji na za kando ya bahari huko Msasani, hupokea wageni wasio na mabegi wala haja ya vyumba. Wamekuja familia nzima, wengine moja kwa moja kutoka kanisani, na kwenye meza yao kuna kiti kimoja kilichofungwa maputo. Mara nyingi anayekaa hapo ni mama wa makamo aliyevaa gauni jipya la kitenge. Kila mara anainuka awapakulie wajukuu, na kila mara wanawe wanamrudisha kitini: "Mama, leo tulia, unahudumiwa."

Huko kuhudumiwa ndiko hasa kunakouzwa pale. Chakula ni kisingizio, japo kisingizio kitamu.

Kizazi cha bibi zetu hakikuwa na desturi ya kusherehekea siku ya kuzaliwa. Umri ulihesabiwa kwa matukio: huyu alizaliwa mwaka wa njaa, yule karibu na Uhuru wa 1961, mwingine wakati wa Vita vya Kagera. Uzawa uliosherehekewa pwani nzima ulikuwa wa Mtume, katika Maulidi. Keki na mishumaa vilienea baadaye, nasi tukavitia ya kwetu: kumvizia mwenye siku yake na kummwagia ndoo ya maji, kulishana vipande vya keki mshereheshaji akiita majina, na kwa wenye uwezo, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa anayeletwa ukumbini na majani mdomoni.

Kwa walio wengi sherehe hizo zilifanyika nyumbani, na nyumbani kuna jiko. Methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji anayepona ni yule wa sebuleni. Wa jikoni ameamka alfajiri kuchambua mchele, kukaanga vitunguu vya pilau na kukatakata kachumbari. Hata besdei ikiwa ni yake mwenyewe, wageni wanamkuta na kanga kiunoni, anaimbiwa huku jicho lake likiwa kwenye sufuria, na wakiondoka anabaki na vyombo.

Hotelini anaepushwa na hayo yote. Mlo huu wa kuunganisha kifungua kinywa na chakula cha mchana, ambao mjini wanauita branchi, ulianza kutetewa kwa hoja ya mapumziko. Mwaka 1895 Mwingereza Guy Beringer aliandika katika jarida la Hunter's Weekly kwamba aliyechelewa kulala Jumamosi asilazimishwe kuamka mapema Jumapili, wala kukutana na mlo mzito wa mchana. Ale taratibu, kwa furaha, pamoja na watu. Dubai waliugeuza kuwa tamasha la Ijumaa, na tangu Januari 2022, Falme za Kiarabu zilipohamishia mapumziko ya wiki Jumamosi na Jumapili, branchi nyingi za huko zimehamia Jumamosi. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wamejifunza kazi ya hoteli wakihudumia meza hizo.

Sasa tazama bufee yenyewe. Mara nyingi utaanza na mikate, supu, saladi, wali na viazi. Nyama ya kukatwa na mpishi mbele yako, kamba na samaki wakubwa viko mwisho. Mpangilio huo una faida kwa hoteli: sahani inajaa vitu vya bei nafuu kabla hujafika kwenye vya gharama. Zunguka kwanza bila sahani, uone kilichopo, ndipo uamue. Angalia pia usalama. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kitunzwe juu ya nyuzi 60 za Selsiasi na cha baridi chini ya 5. Samaki aliyepoa juu ya meza ya moto mwache alipo, hata kama umeshamlipia.

Wapo wanaokula kwa nia ya kukomboa hela yao. Wanarundika sahani nne, wanamaliza mbili, kisha wanakaa wamelegea hata keki haiwapendezi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inakadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 28 ya kiasi hicho ilitoka kwenye migahawa, hoteli na watoa huduma wengine wa chakula. Sahani uliyoiacha nusu haimrudishii mtu senti.

Jambo linaloharibu zaidi siku hizi ni mwaliko wenye mafumbo. Mtu anaandikiwa kwenye kikundi cha WhatsApp, "Karibuni tusherehekee na mama", anajipigilia, anafika, anakula, kisha bili inaletwa na kila mmoja anatakiwa ajilipie. Kama ni mchango, itajwe mapema na kiasi chake, watu watume kwa simu wakiwa kwao, na asiyeweza apate nafasi ya kusema hapana bila kuaibika. Mwenye kuandaa aulize hoteli kama bei ina kodi na malipo ya huduma ndani yake, watoto wanalipiwa vipi, na kama keki ya kutoka nje inaruhusiwa. Hoteli nyingi huikataa au huitoza, na nyingine, zikijulishwa mapema, hutoa yao bure.

Kabla ya hayo yote, mama aulizwe anataka nini. Wapo wasiofurahia vijiko vingi na wahudumu wanaosimama nyuma ya kiti, na pilau ya uani wanaipenda kuliko kamba wa hotelini. Huyo afanyiwe nyumbani, ila pilau wapike wanawe, wa kike na wa kiume, na vyombo waoshe wao. Wakishindwa hata hilo, basi walipe hoteli, na wasije wakamwambia mama kwamba wametumia gharama kubwa. Gharama ya miaka yote aliyowapikia wao hajawahi kuitaja.