Mhandisi Anayehitajika Tabaka

Jiwe la sabuni la Tabaka likitoka shimoni hukatwa kwa msumeno wa mkono, likachongwa kwa panga na patasi, kisha likasuguliwa kwa msasa na maji hadi ling'ae. Ulaini wake ndio uliowalisha watu wa Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii, kizazi baada ya kizazi: bakuli, viboko, seti za sataranji, sanamu za mama na mwana zinazouzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Elkana Ong'esa, msanii wa hukuhuku, ana sanamu ya ndege kwenye makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Sanaa ya jiwe hili imesifiwa, na inastahili. Sayansi yake ndiyo iliyoachwa nyuma, na humo mna kazi tele kwa kijana anayesomea uhandisi.

Ukitaja teknolojia endelevu, wengi huwaza mitambo 365 ya upepo kule Loiyangalani, Marsabit, au mvuke wa ardhini wa Olkaria. Ni miradi ya kujivunia. Umeme mwingi wa Kenya hutokana na mvuke, maji na upepo. Lakini jioni ikifika, nyumba nyingi za mashambani bado hupika kwa kuni. Uhandisi endelevu una kazi jikoni pia, na Tabaka inakalia malighafi ambayo mataifa mengine yameijengea viwanda.

Madini yanayoyapa mawe ya sabuni ulaini wake ni talki, kampaundi ya magnesiamu, silikoni, oksijeni na haidrojeni. Atomi zake zimejipanga kama karatasi nyembamba zilizorundikwa, na kani inayoshika karatasi moja na nyingine ni dhaifu mno, kwa hiyo huteleza. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, almasi ina 10, talki ina 1. Ukucha waweza kuikwaruza. Hata hivyo, jiwe la sabuni halina talki peke yake. La Kisii hutoka jeupe, la waridi, la kijivu, na rangi hizo zinadokeza kwamba madini yake hubadilika kutoka shimo hadi shimo. Mhandisi makini hupeleka sampuli za kila shimo maabara kabla ya kuahidi lolote.

Sifa ya pili ya mawe haya ni kutunza joto. Wafini wanaijua vizuri: kule Juuka, mashariki mwa Ufini, kampuni ya Tulikivi hutengeneza majiko makubwa ya mawe ya sabuni. Moto huwashwa kwa muda mfupi, nalo jiwe huendelea kutoa joto kwa saa nyingi baada ya kuni kwisha. Hesabu yake ni nyepesi. Kilo 1 ya jiwe la sabuni huhitaji takriban kilojuli 1 ili joto lake lipande nyuzi 1. Chukua kilo 100, zipashe kutoka nyuzi 50 hadi 200: umehifadhi karibu kilojuli 15,000, sawa na yuniti 4 za stima. Mtu akipasha jiwe hilo mchana kwa paneli za sola, akalifunika kwa kizuizi kizuri cha joto, atapika nalo jioni bila betri.

Hapo ndipo mhandisi anapotenganishwa na mwenye ndoto. Nyanda za Gusii hupata mvua nyingi, na mara nyingi asubuhi huwa na jua ilhali alasiri ni mawingu. Jiko lililosanifiwa kwa jua la Garissa halitafaa hapa bila kubadilishwa. Tena jiwe lililonyonya maji likipashwa ghafla, mvuke hunaswa ndani na jiwe hupasuka. Lazima likaushwe taratibu. Anayejua maji hukaa wapi ndani ya jiwe, na ufa huanzia upande gani, ni fundi aliyelichonga tangu utotoni. Mhandisi atakayekuja Tabaka bila kuketi na mafundi hao atapoteza muda wake na wao.

Lakini mimi ningeanza na vumbi. Jiwe likisuguliwa na maji, vumbi hunasa kwenye tope. Likikatwa kavu, hasa kwa mashine ya umeme, hupeperuka na kuingia mapafuni. Mwaka 2024 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani. Vumbi la silika lililo katika umbo la fuwele limekuwa katika kundi la juu zaidi, la vitu vilivyothibitishwa, tangu zamani. Kwa kuwa hatuwezi kukisia kilichomo katika kila shimo, kinga itangulie.

Kinga yenyewe haihitaji mamilioni. Mashine ya kukata hufungiwa mfereji mdogo unaodondosha maji kwenye msumeno. Maji machafu huingia katika tangi la vyumba vitatu: chembe nzito hutua katika cha kwanza, nyepesi katika cha pili, na kutoka cha tatu pampu ndogo ya sola huyarudisha kazini. Tope linalobaki hukaushwa, na sasa ni mali. Kama vipimo vya maabara vitaruhusu, unga laini wa namna hii hutumika duniani katika rangi, vyombo vya kauri, plastiki na raba. Nairobi, mhandisi Nzambi Matee aligeuza plastiki iliyotupwa na mchanga kuwa matofali ya kutandaza, na mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ukamtunuku kama kijana bingwa wa mazingira. Vipande vinavyorundikana kando ya mashimo ya Tabaka vinangoja mtu wa moyo huo.

Na mashimo yenyewe: kuta zikatwe kwa ngazi ili zisiporomoke wakati wa mvua, maji yachimbiwe njia, udongo wa juu urudishwe.

Kwa anayetaka kazi hii, njia ipo. Chuo Kikuu cha Taita Taveta hufundisha uhandisi wa migodi. JKUAT na Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha wa mitambo. Kisii National Polytechnic iko jirani kwa anayetaka stashahada ya ufundi. Mhitimu wa shahada hujisajili na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Walimu wa fizikia na kemia wa Kisii na Nyamira, wapelekeni wanafunzi wenu Tabaka na mizani, kipimajoto na ndoo ya tope. Serikali ya kaunti nayo ilipie vipimo vya kila shimo, na majibu yasomwe hadharani kwa wachimbaji na wachongaji, kwa lugha yao ya Ekegusii.