Mchezaji wa Sinema na Lawama Isiyo Haki

Iko desturi moja katika majumba ya sinema, nayo haichagui nchi wala kabila. Mwanamume akicheza mchezo wa mwizi, au wa muuaji, au wa mlevi, taa zikiisha kuwashwa watu humsifu wakasema kwamba amecheza vizuri. Lakini mwanamke akicheza mchezo wa mke asiye mwaminifu, au wa msichana aliyedanganywa akapata mimba, lawama humfuata mpaka nyumbani kwake, kana kwamba makosa ya yule wa kwenye pazia ni makosa yake mwenyewe. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za mwanamke mmoja wa Sri Lanka, Bibi Swarna Mallawarachchi, ambaye katika muda wa karibu miaka hamsini alikubali michezo ambayo mchezaji mwenye kutunza jina lake tu angeikataa. Twaona kwamba kazi yake yafundisha jambo, hata kwa watu ambao hawajapata kuiona picha moja ya Kisinhala.

Ili kuipima kazi hiyo, yatupasa kwanza kujua sinema ya Kisinhala ilitoka wapi. Picha ya kwanza yenye maneno ya Kisinhala, iitwayo Kadawunu Poronduwa, yaani Ahadi Iliyovunjwa, ilionyeshwa Colombo mwezi wa Januari 1947, mwaka mmoja kabla ya nchi hiyo, iliyokuwa ikiitwa Ceylon mpaka 1972, kupata uhuru wake. Ilitengenezwa Kusini ya India, na picha nyingi zilizofuata ziliiga mtindo wa huko: nyimbo, machozi, mchekeshaji, na wanawake wa namna mbili tu, mwema na mbaya. Wasomaji wetu waliokulia karibu na majumba ya sinema ya Dar es Salaam, Mombasa au Unguja wanaujua mtindo huo bila kuelezwa. Mwema huvumilia mpaka mwisho akaolewa. Mbaya hupata adhabu yake, na watazamaji hurudi makwao wameridhika.

Mabadiliko yalianza mwaka 1956, Bwana Lester James Peries alipoitengeneza picha yake Rekawa, akaitoa kamera studioni akaipeleka vijijini. Picha yake nyingine, Gamperaliya, ilipata tuzo kubwa ya maonyesho ya Delhi mwaka 1965. Hapo wasomi na wasanii wa nchi ile wakatambua kwamba sinema yaweza kuonyesha maisha yao wenyewe. Mmoja wao alikuwa Bwana Siri Gunasinghe, mshairi na mwalimu wa Chuo Kikuu, ambaye mwaka 1967 alitoa picha ya maisha ya wavuvi, Sath Samudura, yaani Bahari Saba. Katika picha hiyo ndimo Bibi Swarna, akiwa bado kijana sana, alimoonekana kwa mara ya kwanza. Mwaka 1969 akacheza tena katika Hanthane Kathawa, picha ya vijana wanaosoma Chuo Kikuu. Angalitaka, bila shaka angaliweza kuendelea hivyo hivyo, akicheza wasichana wapole wa kupendwa.

Lakini jina lake lilipata kuvuma katika miaka ya 1980, na kwa sababu nyingine kabisa. Katika Hansa Vilak ya mwaka 1980, iliyotengenezwa na Bwana Dharmasiri Bandaranayake, alicheza mke wa mtu ambaye anapendana na mwanamume aliyeoa. Picha haimhukumu kwa haraka. Yatuonyesha nyumba mbili zikibomoka, na watu wanne wakiumia, kila mtu kwa namna yake. Mwaka 1983 ikatoka Dadayama ya Bwana Vasantha Obeysekera, maana yake ni Uwindaji, ambayo chanzo chake ni kesi ya mauaji iliyotokea kweli nchini humo. Humo Bibi Swarna ni Rathmali, msichana aliyedanganywa na mwanamume mlaghai, akabebeshwa mimba, kisha akaachwa. Msichana wa picha za zamani angalilia kisha akajitupa mtoni. Rathmali halii tu. Amtafuta yule mwanamume, amfuata, amdai haki yake, hata mlaghai aona hana njia ila kumuua. Waliouona mwisho wa picha hiyo, mwanamume yumo ndani ya gari na mwanamke yuko chini peke yake, naye bado anapigana, hawausahau.

Halafu, mwaka 1985, ikaja Suddilage Kathawa, yaani Hadithi ya Suddi, iliyotokana na kitabu cha Bwana Simon Nawagattegama. Picha hii ndiyo twapenda kukaa juu yake kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyoudhi wengi, na ndiyo yenye somo kubwa. Suddi ni mke wa mtu maskini wa kijijini. Mumewe yuko kifungoni kwa shitaka la kuua mtu. Mwanamke amebaki peke yake, hana wa kumlinda, wala chakula cha hakika. Waliopo ni mkubwa wa kijiji, mwenye madaraka, na mwenye duka, ambaye ana mchele. Kila mmoja ana kitu ambacho Suddi anakihitaji, na kila mmoja anajua atakitaka nini kwa malipo. Suddi awapokea. Hawapokei kwa kilio, wala kwa aibu ya kujionyesha, bali kwa akili ya mtu anayetaka kuiona kesho. Bibi Swarna alimcheza mwanamke huyo bila kumwombea huruma na bila kumtakasa. Hilo ndilo lililowakasirisha watu: kwamba Suddi hakujutia mbele yao.

Sasa twauliza: katika kisa hicho, mwenye kulaumiwa ni nani? Mkubwa wa kijiji amepewa madaraka awatunze watu, naye ayatumia kuingia nyumba ya mtu aliye kifungoni. Mwenye duka apima njaa ya jirani yake kama apimavyo mchele. Hata hivyo, watu wakitoka katika sinema, neno la uchafu humwangukia Suddi, na kutoka kwa Suddi humwangukia mchezaji. Wale wanaume wawili hawaitwi jina lolote. Na wachezaji waliowacheza hupewa mikono ya pongezi. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Suddi amenyongwa mara mbili, mara moja na njaa na mara ya pili na hukumu ya watu.

Wako wazee na wazazi watakaotujibu kwamba sinema imewaharibu vijana wengi, na kwamba mambo ya chumbani hayafai kuwekwa mbele ya umma. Hatuwadharau. Tena tunajua kwamba hofu yao ina msingi. Televisheni iliingia Sri Lanka mwaka 1979, watazamaji wakaanza kubaki makwao, na katika miaka ya 1990 wako watengenezaji walioona kwamba njia nyepesi ya kujaza viti ni kubandika maneno ya "watu wazima tu" na kuuza mwili wa mwanamke kwa bei ya tiketi. Biashara hiyo hatuitetei. Lakini yatupasa kupambanua. Picha ya namna hiyo yamchukua mwanamke ili mtazamaji aburudike, na hakuna anayeulizwa swali. Picha kama ya Suddi yamgeukia mtazamaji na kumwuliza yeye angefanya nini, na jirani zake wangemtendea nini. Ya kwanza haimuudhi mtu. Ya pili huudhi, kwa kuwa ni kweli.

Kwa kazi hiyo Bibi Swarna alipewa tuzo ya Sarasaviya ya mchezaji bora wa kike zaidi ya mara moja. Wala hakuiacha njia yake. Mwaka 1996, katika Anantha Rathriya ya Bwana Prasanna Vithanage, iliyotokana na kitabu cha Ufufuo cha Mrusi Tolstoy, alicheza mwanamke aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani. Kijana wa nyumba ile alimharibu kisha akamsahau. Miaka imepita, mwanamke ashitakiwa kwa mauaji, na kijana yule, ambaye sasa ni mtu wa heshima, yumo miongoni mwa wazee wa baraza wanaomhukumu. Twadhani wasomaji wetu waliopata kufanya kazi katika nyumba za watu hawahitaji kuelezwa kisa hicho.

Mapambano hayakwisha. Mwaka 2006 serikali ya nchi ile ilipiga marufuku picha Aksharaya ya Bwana Asoka Handagama, ijapokuwa wakaguzi walikuwa wamekwisha kuipitisha kwa watu wazima. Miaka kumi baadaye, mwaka 2016, mtengenezaji huyo huyo alimwita Bibi Swarna acheze katika Age Asa Aga. Humo ni mke mwenye umri mkubwa, ambaye mumewe profesa ameandamwa na mapenzi ya mwanafunzi kijana. Mke huyo hamfukuzi msichana wala hamtukani. Amkaribisha nyumbani. Hata katika utu uzima wake, basi, mchezaji huyu alichagua mwanamke ambaye watu hawangemtazamia.

Sisi twasema hivi. Mwanamke anayesimama mbele ya kamera na kumwonyesha mtumishi aliyeharibiwa, au mke wa mfungwa mwenye njaa, anafanya kazi, na kazi hiyo ni ngumu. Anastahili ujira wake na heshima yake, sawasawa na mwanamume aliyecheza mkubwa wa kijiji. Na kama bado twataka kumlaumu mtu, na tumtafute kwanza yule aliyekuwa na mchele.