Bahari Isiyo na Tanga

Sisi tuliozaliwa pwani hatuna ada ya kutazama bahari pasi na kutafuta tanga. Jicho hutambaa juu ya maji likitaka jahazi, ngalawa au walau mtumbwi, na likikosa, moyo huingiwa na wahaka. Ndiyo maana taswira ya Caspar David Friedrich iitwayo “Rahibu Kando ya Bahari”, aliyoianza mwaka 1808 akaikamilisha 1810, hunitia simanzi kila niitazamapo, nami sina ila nakala ya karatasi, kwani ya asili imo Berlin katika jumba la Alte Nationalgalerie.

Mchoraji huyo alizaliwa mwaka 1774 huko Greifswald, bandari ya Bahari ya Baltiki, na alipokuwa na miaka 13 nduguye alizama maji barafu ilipopasuka. Sidai kwamba msiba ule ndio ulioshika brashi, lakini bahari aliyoichora haina bashasha hata chembe: chini pana ukanda mwembamba wa mchanga uliopauka, kisha maji meusi yenye vidoa vyeupe ambavyo hujui ni povu au ni shakwe, na juu yake mawingu, mawingu matupu, yaliyotwaa sehemu kubwa mno ya turubai lenye upana wa sentimita 171.5. Rahibu mwenyewe ni mdogo kama kidole, kichwa wazi, joho jeusi, ametupa mgongo.

Bibi mmoja aliyeizuru karakana yake alinung’unika kwamba hapana merikebu wala mashua, hata dude la baharini hapana. Kumbe zilikuwapo! Wataalamu walioipenya rangi kwa miali isiyoonekana kwa macho walikuta merikebu zilizochorwa pande mbili za rahibu, ambazo Friedrich mwenyewe alizifunika. Alipoing’oa milingoti ile, mistari yote ikalala, ufuo, maji na upeo, akabaki rahibu peke yake amesimama wima, kana kwamba yeye ndiye mlingoti uliosalia.

Ilipoonyeshwa Berlin mwaka 1810, wengi waliduwaa. Lakini mwana wa mfalme wa Prussia, kijana bado, alimsihi babaye ainunue, na mfalme akainunua. Mamaye kijana yule, Malkia Luise, alikuwa amefariki mwezi wa Julai mwaka uo huo.