Kabla ya Kununua Krimu Iliyotangazwa Runingani

"Uso ung'ae kwa siku 7." Maneno ya namna hii husikika sana katika vipindi vya mauzo runingani. Mkazi wa Nkubu au Runyenjes anaweza kuagiza krimu kwa simu, akalipa kwa M-Pesa na kuipokea kesho yake kwa matatu kutoka Nairobi. Hata hivyo, ahadi hiyo ya matokeo ya haraka ndiyo inayopaswa kumtia mnunuzi shaka.

Kipindi cha mauzo si taarifa ya habari. Muda huo wa hewani hulipiwa na anayeuza. Aliyevaa koti jeupe si lazima awe daktari, na picha za "kabla" na "baada" zinaweza kutofautishwa kwa taa na poda tu. Saa inayohesabu dakika zilizobaki huwekwa ili mtazamaji akose nafasi ya kuuliza. Bidhaa kuonyeshwa runingani si ithibati kwamba imekaguliwa.

Kwa nini haraka ni hatari

Tabaka la juu la ngozi huchukua takriban mwezi mmoja kujifanya upya. Krimu inayobadilisha rangi ya uso kwa siku chache huenda ina kemikali kali.

- Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini pia hupenya mwilini. Shirika la Afya Duniani limeonya kuwa huharibu figo. Inaweza pia kumdhuru mtoto aliye tumboni, na mabaki kwenye taulo huweza kuwafikia watu wengine nyumbani.
- Hidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi ambayo ni vigumu kuyaondoa.
- Steroidi kali huonekana kutibu chunusi upesi, kisha ngozi huwa nyembamba. Mtumiaji akiacha, uso unaweza kuharibika kuliko mwanzo.

Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni. Krimu za steroidi ni dawa, na hutumiwa kwa maagizo ya daktari.

Mambo ya kukagua

Kabla ya kulipa, mnunuzi amwulize muuzaji jina la mtengenezaji, viungo vyote na mahali duka lilipo. Asiyetaka kujibu hafai kutumiwa pesa.

Bidhaa ikifika, lebo isomwe kabla ya kufunguliwa. Maneno "mercury", "calomel" au "mercurio" humaanisha zebaki. Onyo kwamba krimu isigusane na vito vya dhahabu au fedha ni dalili nyingine ya zebaki. Lebo isiyoorodhesha viungo, au iliyoandikwa kwa lugha ambayo mnunuzi haielewi, ni sababu tosha ya kuirudisha.

Nambari ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora ya KEBS huhakikishwa kwa ujumbe mfupi: huandikwa SM, alama ya #, kisha nambari hiyo, na kutumwa kwa 20023.

Haki za mnunuzi

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, habari za kumwezesha kuzitumia ipasavyo, na fidia akipata hasara. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Aliyedanganywa anaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, au kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Aidha, Katiba imezipa kaunti jukumu la kusimamia biashara ya haki, kwa hivyo ofisi ya biashara ya kaunti ni mahali pafaapo kuanzia.

Ujumbe wa M-Pesa, kifurushi na nambari ya muuzaji vihifadhiwe, kwani bila hivyo malalamiko huwa magumu kuthibitisha.

Anayewashwa, kuvimba au kupata mabaka asinunue krimu nyingine ya kuficha. Aende katika kituo cha afya kilicho karibu akiwa na kopo lake. Ikihitajika, ataelekezwa katika hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu. Mhudumu akiiona lebo, itakuwa rahisi kwake kujua kilichoidhuru ngozi.