Skrini Nzima: Menyu Zikiondoka, Kiswahili Kinabaki Wapi?

Makala haya yanajadili usanifu wa hali ya skrini nzima katika programu za kuandikia, yaani ile hali ambayo menyu, vitufe na madirisha mengine hutoweka, akabaki mwandishi na matini yake tu. Hoja yetu ni kwamba kusanifu hali hiyo si kazi ya kuondoa vitu, bali ni kazi ya kuamua mwandishi anahitaji kujua nini wakati anapoandika. Ili kulidhihirisha jambo hilo, tutamchukua kuwa kipimo mwandishi wa Kiswahili aliyeko Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika.

Skrini tupu si jambo geni. WordPerfect 5.1, iliyotolewa mwaka 1989, ilimwachia mtumiaji karibu skrini yote. Chini palikuwa na mstari mmoja tu ulioonyesha ukurasa na mahali alipofika. Programu zilizofuata zilijaza skrini vitufe, hata ilipofika mwaka 2006 WriteRoom ya Hog Bay Software ikaurudisha utupu ule kwa makusudi. FocusWriter, ambayo ni programu huria, huficha menyu kwenye kingo za skrini mpaka kipanya kisogezwe huko. Zote hizi zinakubaliana kuhusu kinachopaswa kufichwa. Swali gumu ni kinachopaswa kubaki.

Kwanza, tuangalie umeme. Uvira, kama Bukavu na Bujumbura, hutegemea mitambo ya mto Ruzizi. Umeme unapokatika, anayeandika kwenye kompyuta ya mkononi huendelea kwa betri. Lakini skrini nzima huficha pia saa na alama ya betri, na hapo utulivu hugeuka kuwa mtego: kompyuta huzimika katikati ya sentensi bila onyo. Hivyo basi, msanifu hana budi kuacha alama ndogo pembeni, isiyometameta, ijitokeze tu betri inapopungua. Aidha, programu ihifadhi kazi kila mwandishi anapotua, isisubiri dakika 10 zipite. Ieleweke pia kuwa mandhari nyeusi haiokoi betri kwenye skrini zote. Skrini ya LCD huwa na taa nyuma yake, nayo huwaka hata pale panapoonekana peusi. Ni skrini ya OLED ambayo nukta zake nyeusi huzimwa kweli.

Pili, kuna suala la tahajia. Lugha rasmi ya Kongo ni Kifaransa, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa hupigia mstari mwekundu karibu kila neno la Kiswahili. Ikipewa kamusi ya Kiswahili sanifu, bado itamkemea mwandishi wa hadithi ambaye mhusika wake husema "batoto" badala ya "watoto", kama wasemavyo wengi wa Kivu. Kwa hiyo katika skrini nzima mistari hiyo inafaa ilale mpaka mwandishi mwenyewe aiite, naye awe na uwezo wa kuongeza maneno ya kwao katika kamusi.

Tatu, kuna upana wa safu. Wapangaji wa vitabu hupendekeza mstari wenye herufi 45 hadi 75. Kiswahili huunganisha viambishi vingi katika neno moja. "Hawatatuandikia" ni neno moja lenye herufi 15. Safu ikiwa nyembamba, na programu haijui kukata maneno kwa silabi za Kiswahili, matini yaliyonyooshwa pande zote mbili huachwa na mapengo. Safu pana kidogo, isiyonyooshwa upande wa kulia, hufaa zaidi.

Haya yanatuhusu sisi tunaoshughulikia lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, na baadaye Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Office. Kazi hizo zilikuwa na manufaa makubwa, hasa katika kuunda istilahi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya tafsiri ya programu ni maneno ya menyu, na maneno hayo ndiyo yanayotoweka mtumiaji anapoingia katika skrini nzima. Kinachobaki ni tabia ya programu: namna inavyokata neno, inavyopima tahajia, inavyoonya na inavyohifadhi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba idara zetu, zinaposhiriki katika kutafsiri programu, zisiishie kwenye orodha ya istilahi. Waingie katika skrini nzima, waandike kurasa mbili za Kiswahili, kisha wachomoe waya wa umeme. Hapo wataona kama programu hiyo imefasiriwa maneno tu, au kama inamhudumia mwandishi wa Kiswahili popote alipo.