Kurudisha Nywele Nyuma: Funzo kwa Kinyozi na kwa Wenye Nyumba

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na methali hiyo inamhusu zaidi yule anayeanza kujifunza. Ufundi wa kunyoa haufundishwi na kioo. Hufundishwa na vichwa vya watu wengine, na kila kichwa kina tabia yake. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, kijana anayeshika mkasi kwa mara ya kwanza hukabiliwa na vichwa vya namna nyingi kuliko wanafunzi wengi wa kazi hiyo.

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya watu waliotoka Rwanda. Leo wamo humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na ya kusafiri nchini. Kwa hiyo kijana aliyevuka mpaka mikono mitupu aweza kuanza na kiti, kioo, mkasi na chanuo, na siku moja akaipeleka kazi yake mjini Mbarara, umbali wa kilomita 60 hivi. Ufundi hauna uzito njiani wala hautaifishwi mpakani.

Hebu basi tuutazame mtindo mmoja ambao wateja wengi huuomba na wanafunzi wengi huukosea: nywele za mwanamume zilizochanwa kurudi nyuma.

SINGA NA KIPILIPILI

Kosa la kwanza la mwanafunzi ni kudhani kwamba njia ni moja kwa nywele zote. Nywele za singa hutoka katika kitundu kilichonyooka ngozini. Nywele za kipilipili hutoka katika kitundu kilichopinda, nazo hujikunja tangu shinani. Chanuo haliwezi kubadili jambo lililoamuliwa chini ya ngozi.

Mteja mwenye nywele za singa au za mawimbi, kama walivyo baadhi ya Wasomali na Waethiopia, ahitaji urefu. Nywele za mbele zikiwa fupi husimama kama majani ya mswaki. Ziachwe zifikie sentimita nane au zaidi, ndipo uzito wake wenyewe utakapozilaza. Zioshwe, zikaushwe kwa taulo, zichanwe kutoka paji la uso kuelekea kisogoni zikiwa bado na unyevu, na pembeni zipunguzwe. Mafuta yawe kidogo tu. Fundi huyasugua kwanza viganjani, kisha huanza kuyapaka nyuma na kumalizia mbele, ili paji la uso lisije likang'aa kama kikaango.

Mteja mwenye nywele za kipilipili ahitaji kinyume chake: kwake ufupi ndio unaolaza. Nywele hukatwa chini, mashine ikifuata upande zinakoota, si kuupinga. Kisha hupigwa burashi kurudi nyuma asubuhi na jioni, na usiku hufungwa kitambaa. Kazi hiyo huchukua majuma kadhaa, nayo hufanywa na mteja mwenyewe nyumbani. Akizitaka ndefu, basi zitachanwa kwenda juu na nyuma, na fundi atazichonga kwa mkasi zipate mteremko mzuri. Zitaonekana zimeelekea nyuma, ila hazitalala, na mteja aambiwe hivyo kabla ya kukatwa unywele hata mmoja.

Pia fundi na autazame utosi, mahali nywele zinapozunguka. Hapo ndipo mtindo huharibika, kwa kuwa nywele huelekea kila upande. Zikikatwa mno husimama, na kwa kuwa nywele hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwezi, mteja ataibeba aibu hiyo siku nyingi.

TAMAA YA KULAZIMISHA

Mtindo huu una historia ndefu. Mafuta ya Brylcreem yalianza kutengenezwa mjini Birmingham, Uingereza, mwaka 1928, na marubani wa jeshi la anga la nchi hiyo katika Vita Kuu ya Pili wakataniwa kwa jina la mafuta hayo. Huko Marekani watu weusi wengi walizinyoosha nywele zao kwa soda kali ili zilale nyuma. Malcolm X, katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1965, alieleza jinsi dawa hiyo ilivyomuunguza kichwa, na jinsi alivyokuja kuona baadaye kwamba alikuwa amejidhalilisha.

Dawa za kunyoosha zingali madukani, na nyingi hutumia kemikali za jamii hiyo hiyo. Huunguza ngozi, hukata nywele, na zikiingia jichoni zaweza kupofusha. Mwanafunzi asizishike kabla ya kufundishwa na fundi aliyekwisha kuzizoea. Asimpake mteja mwenye kidonda au aliyenyolewa kwa wembe siku hiyo. Ngozi ikianza kuwasha, aioshe mara moja kwa maji mengi. Kamwe asichanganye soda ya kutengenezea sabuni kwa mikono yake.

USAFI NDIO CHETI

Wembe uwe mpya kwa kila mteja, bila kujadiliana. Virusi vya homa ya ini aina ya B vyaweza kuishi nje ya mwili hata siku saba, na tone la damu lisiloonekana latosha kuvipitisha. Machanuo na burashi huoshwa kwanza kwa sabuni, ndipo hutiwa katika dawa. Meno ya mashine husafishwa nywele zote, kisha hupanguswa kwa spiriti. Taulo moja isipite shingo mbili.

Nyumbani nako kuna wajibu. Watoto wa nyumba moja wanaotumia chanuo moja huambukizana mapunye upesi. Mafuta ya kupaka peke yake hayaponyi mapunye ya kichwani. Mtoto apelekwe kituo cha afya apewe dawa ya kumeza. Na baba anayeona vipele vigumu kisogoni kila anyolewapo, amwambie kinyozi asishushe mashine mpaka kwenye ngozi. Vipele hivyo vikiachwa vyaweza kuwa makovu ya kudumu.

KWA ASKARI

Msomaji aliye kazini atauliza: haya yanamhusu nini mtu ambaye kanuni zamtaka nywele fupi? Yanamhusu. Nywele fupi zilizopigwa burashi kurudi nyuma ni nadhifu na hazivunji amri. Tena Mbarara ni mji wa askari. Makao makuu ya Divisheni ya Pili ya UPDF yapo Makenke. Kijana wa Kikongo asiyejua Kinyankole humhudumia askari kwa Kiswahili, lugha iliyozoeleka jeshini na ambayo marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yaliifanya lugha rasmi ya pili. Maneno machache ya heshima, "Karibu afande, nikupunguze vipi?", yamemfungulia mgeni mlango wa riziki.

Kwa mzazi anayefikiria kumtuma mwanawe akajifunze, shauri letu ni hili. Mtafutie fundi mvumilivu, akafagie na kutazama kwanza. Kisha akabidhiwe mkasi na kichwa cha ndugu yake, kwa mitindo mirefu kabla ya mifupi, maana kilichobaki kirefu chaweza kurekebishwa. Na kabla hujamlipia ada, itazame meza ya fundi huyo. Ukikuta wembe wa jana juu yake, mshukuru kwa upole, umchukue mwanao, uendelee kutafuta.